Wifi Yangu na Gurudumu Lake

Siku ya kwanza nilipoletwa katika nyumba hii kama mke, nilimhesabia wifi yangu safari kumi na saba kati ya jiko na mlango kabla sijamaliza chai niliyowekewa. Alikuwa na kikombe mkononi, anakunywa huku anatembea, anajibu salamu huku anatembea, na hata aliponikumbatia hakusimama sawasawa. Nilimnong'oneza mume wangu, "Dada yako ana nini?" Akasema, "Hana kitu. Ndivyo alivyo. Utamzoea." Huu ni mwaka wa kumi na nne na bado sijamzoea.

Kazini wanamwita Mama Mita. Ni mpimaji katika idara ya ujenzi ya halmashauri, na kazi yake, ukiiondolea mapambo, ni kusukuma gurudumu. Ni gurudumu moja lenye mpini mrefu na kidude cha kuhesabia pembeni. Likizunguka mara moja limekwenda mita moja, kidude kinalia tiki, namba inapanda. Mtaro ukitaka kuchimbwa, ukuta wa shule ukitaka kujengwa, barabara ikitaka kuzibwa mashimo, kwanza apite yeye na gurudumu lake, aandike kwenye daftari, ndipo wenye vyeti wakae wazidishe na kujumlisha na kuwaambia wananchi itagharimu nini. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Viatu hununua jozi mbili kwa mpigo, kwa sababu jozi moja haimalizi naye mwaka.

Aliwahi kuolewa, miezi saba. Ukimuuliza kwa nini alirudi nyumbani atakwambia yule bwana alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa anakaa sana. "Akitoka kazini anakaa. Akimaliza kula anakaa. Mimi nikimtazama tu nachoka." Nilicheka mara ya kwanza niliposikia. Siku hizi nikiwa kwenye cherehani yangu tangu asubuhi, mgongo umekauka, halafu yeye anapita mbele yangu mara ya tisa kutafuta kitu ambacho hakijapotea, natamani kumfunga kamba mguuni. Nimemwambia hivyo uso kwa uso. Mawifi hatufichani.

Nyumba yetu ni ya mwisho, juu kabisa ya mtaa wa juu. Kutoka barabarani unapanda kichochoro cha udongo kilichobanwa na kuta za watu, na mvua ikinyesha kinateleza kama sabuni. Kichochoro hicho ndicho kilichomwangusha mama mkwe wangu akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza vizuri tu. Lakini siku ya kurudi, wanaume wanne walimpandisha wakiwa wamembeba kwenye kiti, na katikati ya njia mmoja akateleza, kiti kikalala upande, na Mama akabaki ananing'inia juu ya bati la jirani huku akiwatukana wote wanne, kila mmoja kwa zamu yake. Walipomfikisha ndani akala kiapo. "Sibebwi tena. Mimi si kabati." Na Mama akiapa ameapa. Tangu siku ile ni mwaka wa tatu hajashuka.

Chini kabisa, ng'ambo ya barabara, anaishi mdogo wake, Mama Mdogo, ambaye moyo wake ni mgonjwa na daktari amemkataza mlima wa aina yoyote. Basi dada na mdogo mtu wanaonana kila siku na hawafikiani. Mmoja anakaa kwenye kizingiti cha mlango huku juu, mwingine kwenye baraza yake huko chini, simu zikiwa masikioni. "Hiyo gauni mpya?" "Ya zamani, nimeigeuza tu." "Umenenepa." "Wewe huoni vizuri kutoka huko." Wakimaliza wanapungiana taulo. Watoto wa tumbo moja, na mara ya mwisho kushikana mikono ilikuwa asubuhi ya kile kiti.

Mtaalamu wa viungo alisema Mama anaweza kushuka kwa miguu yake, kwa fimbo, iwapo pangekuwa na ngazi za kweli, za kimo kimoja, na chuma cha kushikia. Wifi yangu alikwenda siku ile ile na gurudumu lake, akapima kichochoro, akapeleka maombi halmashauri. Mita mia mbili na kumi na mbili, kutoka ukingo wa barabara hadi kizingiti chetu. Mama aliikariri namba hiyo kama namba ya simu ya mwanawe. Halafu wifi akaleta tofali la saruji, akaliweka kando ya mlango wa sebuleni, na kila asubuhi Mama alishika fremu ya mlango akapanda na kushuka tofali lile mara thelathini. Mimi nilikuwa namsikia katikati ya kelele za cherehani. Kumi na tano. Kumi na sita. Nilikuwa nikisikia ameruka namba nainua kichwa.

"Najiandaa," alikuwa akisema. "Wasije wakamaliza ngazi zao wakanikuta mimi sijawa tayari."

Maombi yalikaa. Mwaka mmoja, wa pili. Mwaka wa tatu ngazi zikaingizwa kwenye orodha ya kazi ndogondogo, namba kumi na nne, na wote tukapumua. Lakini orodha hiyo ilikuwa nyuma ya jambo kubwa, na jambo hilo kubwa lilikuwa Njia Ndefu.

Njia Ndefu ni njia ya miguu. Inaanzia pwani ya ziwa, inapita mashamba na misitu, inakwenda kilomita sitini na kitu mpaka kibanda cha mapumziko chini ya mlima. Watu wanakuja kutoka mbali na mifuko mgongoni na fimbo mbili mbili, wanaitembea siku nne au tano. Mwaka ule halmashauri iliamua kuirefusha, ipande mpaka kwenye ukingo wa juu wa mlima, ikutane na njia ya wilaya jirani, mtu aweze kutembea wiki mbili bila kurudi alikotoka. Mimi nilisema waziwazi nyumbani: watu wanalipa nauli kuja kutembea kwa miguu, na sisi tunaotembea kwa miguu bila kulipa mtu tunavunjika nyonga! Pesa ni ya nani? Si yetu?

Wifi hakupenda maneno hayo. Njia Ndefu ilikuwa kama damu yake. Aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, kibarua wa kubeba mawe, katika kundi la watu mia tatu. Alinunua bati la nyumba hii kwa ujira wa mawe yale. "Kila anayepita pale analala mahali," aliniambia akikunja nguo alizozikunja tayari. "Anakula mahali. Anaajiri mbeba mizigo. Usiongee kama hujui." "Najua Mama hajashuka," nikamjibu. Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya.

Gurudumu lile limevishwa mpira, na mpira ulikuwa umeisha. Utaratibu wa ofisi ni kujaza fomu, fomu iende stoo, stoo iagize, na mpira mwingine ufike baada ya miezi minne ukibahatika. Mtu mwenye subira angejaza fomu. Wifi yangu aliitazama ile fomu, akaliweka gurudumu begani, akaenda kwa fundi viatu. Fundi akakata ukanda wa tairi la gari, akaugundisha na kuupigilia misumari, akasema, "Hili litakuzika wewe." Kazi safi kabisa. Ila mpira ule ulikuwa mnene kuliko wa zamani, unene wa kidole hivi.

Nyuma ya stoo ya idara kuna mstari mweupe uliochorwa kwenye sakafu ya saruji, mita mia kamili. Gurudumu lolote likishatengenezwa lazima lipitishwe pale kwanza, litoe tiki mia, ndipo litoke kwenda kazini. Lakini wiki ile lori lilikuwa limemwaga kokoto juu ya mstari, rundo la kimo cha mtu. Aliwaambia waliondoe. Wakasema kesho. Kesho wakasema kesho. Yeye na neno kesho hawajawahi kupatana. Akaondoka na gurudumu lake jipya kwenda mlimani bila kulipitisha.

Alizunguka siku kumi na moja. Alipima sehemu yote mpya ya Njia Ndefu, kutoka kibandani mpaka ukingoni, kilomita kumi na nane kwa hesabu ya kidude. Kisha akashuka na kupima kazi ndogondogo zote, mitaro, vivuko, kuta, na ya mwisho kabisa, jioni moja kwenye mvua, viatu vimejaa maji, kichochoro chetu. Alisoma namba kwenye kidude, akaiandika bila kuitazama, kama mtu anavyotia sahihi. Njia ya kwao mtu haitazami. Daftari likaenda kuchapwa.

Jumamosi moja mchana alirudi na karatasi zilizochapwa, ili asome na kutia sahihi yake kabla ya baraza la madiwani kukutana Jumatatu. Alikuwa anasoma kwa sauti huku akizunguka sebule, Mama yuko kwenye kiti chake anamenya maharage, mimi napindua kola. Mama alimwambia, "Nisomee ya kwangu."

"Namba kumi na nne. Ngazi za mtaa wa juu. Mita mia na tisini na tisa."

Mama hakuinua kichwa. "Mia mbili na kumi na mbili."

"Hapa imeandikwa mia na tisini na tisa, Mama."

"Basi wamekosea kuchapa. Waambie. Ni mia mbili na kumi na mbili, miaka mitatu naihesabu, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia." Akaendelea na maharage yake.

Nilimwona wifi anafungua daftari. Nilimwona anasoma mwandiko wake mwenyewe. Akalifunga, akatoka nje, nami nikaacha kola nikamfuata, maana ile rangi ya uso sikuipenda. Gurudumu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Akasema, "Nipe futi yako." Nikaivua shingoni. Tukaizungusha kwenye gurudumu, mimi nimeshika mwanzo, yeye mwisho. Mita moja na sentimita sita, na kakitu.

Mimi ni fundi wa nguo. Sihitaji cheti kujua maana yake. Ukipima kiuno kwa futi iliyovutika na kurefuka, suruali itakuja ndogo wala hutajua kwa nini. Gurudumu lilikuwa limenenepa. Kila tiki moja lilikuwa linakula zaidi ya mita na kuandika mita tu.

"Ngazi zimepungua mita kumi na tatu," nikasema. "Zitaishia kwa jirani."

"Na mlima?" akauliza. Alikuwa ameshaanza kutembea, kutoka ukutani hadi kwenye ndoo, kutoka ndoo hadi ukutani. "Mlima umepungua kilomita moja na zaidi. Kilomita moja na mita mia na kitu. Na wifi, mwisho wa njia ile ndipo penye genge."

Alinieleza, na nilijuta kumsikiliza. Kilomita ya mwisho si njia, ni ukuta wa jiwe. Pale ndipo panapotaka minyororo ya kushikia, ngazi za kuchonga, vyuma vya kupigiliwa kwenye mwamba. Mita moja pale inakula pesa ya mita tisa za bondeni. Halmashauri ikipitisha kilomita kumi na nane, pesa zitaishia chini ya genge. Na mtembeaji aliyetembea siku sita hatasimama chini ya genge arudi. Atapanda.

Halafu nikasema lile nililolisema, na silikatai. "Sahihisha ngazi tu. Sema wamekosea kuchapa, kama Mama alivyosema. Mlima uache. Mkandarasi akifika huko juu ataona pamepelea, ataomba nyongeza, watampa, ndivyo wanavyofanya siku zote."

"Gurudumu ni moja. Nikisema limedanganya hapa, wataniuliza kule."

"Basi usiseme lolote. Tia sahihi yako. Ngazi zije hizo mia na tisini na tisa, nyingine tutaziona."

"Na wakiniambia nyongeza itoke wapi? Unajua itatoka wapi?" Alisimama, na mimi nikajua kabla hajasema. Fungu la kazi ndogondogo. Hakuna fungu jingine la kuchomoa. Akisema kweli, genge litameza ngazi za Mama. Akinyamaza, Mama atashuka.

"Mama yako ni yupi," nikamwambia, "yule pale ndani au mlima?" Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na fundi viatu, na hasira na hao watu wa fimbo mbili mbili ambao sijawahi kumjua hata mmoja. Usiku ule hakula akiwa amekaa wala amesimama.

Jumapili aliondoka na koleo. Mume wangu alimfuata kwa mbali, akaja kuniambia: dada yake yuko peke yake nyuma ya stoo, anaondoa rundo la kokoto kutoka kwenye mstari mweupe. Alifanya kazi hiyo hadi saa nane mchana. Kisha akalipitisha gurudumu. Kwenye mita mia kamili lilitoa tiki tisini na nne. Akalirudisha mwanzo, akalipitisha tena. Tisini na nne. Mume wangu anasema alilipitisha mara sita, kama mtu anayetarajia lione aibu libadilike.

Jumatatu nilifunga cherehani nikaenda ukumbini, nikakaa kwenye mabenchi ya wananchi. Sijawahi kwenda huko maishani. Nilikwenda kwa sababu bado nilikuwa na tumaini kwamba ataona uso wangu atanyamaza. Mnaweza kunisema.

Walijadili Njia Ndefu saa nzima. Diwani mmoja alisema kila mtembeaji analala hapa usiku mmoja na kunywa chai mbili, na chai mbili mara watu elfu si mchezo. Mwingine akasema yeye wapiga kura wake hawanywi chai ya watalii, wanataka vivuko. Walivutana, wakacheka, wakachoka. Mwenyekiti akasema sasa tupige kura. Na Mhandisi, bosi wa wifi yangu, akauliza kwa desturi tu kama kuna mtu wa idara mwenye la kuongeza.

Wifi alikuwa amesimama tangu mwanzo, nyuma karibu na mlango, maana kukaa hakuwezi. Akasogea mbele na gurudumu lake. Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo. Hakugeuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, vipimo vyote vya mwezi huu ni pungufu. Kosa ni langu. Nilitengeneza gurudumu mtaani na sikulipitisha kwenye mstari." Akaeleza tiki tisini na nne. Akaeleza genge. Alieleza vizuri, bila kujitetea. Mhandisi alikuwa ameshika tama, anatazama meza.

"Tukiishia hapo kwenye hiyo kumi na nane?" Mwenyekiti aliuliza.

"Watu watapanda hivyo hivyo, mheshimiwa. Nimelipanda mimi. Ukifika pale ukingo unauona, unasema ni hapo tu. Si hapo tu."

"Na nyongeza itoke wapi?"

Katibu akapekua karatasi zake, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi, "Ipo kazi ndogondogo ambayo haijaanza, mheshimiwa. Namba kumi na moja hadi kumi na sita."

Diwani wa kwetu alikuwa muungwana, lazima niseme. Aliinuka akamuuliza, "Mama Mita, wewe unakaa wapi?"

"Mtaa wa juu."

"Namba kumi na nne ni kwenu?"

"Ni kwetu. Nyumba ya mwisho."

Hakusema kuhusu Mama. Ningekuwa mimi ningemwaga yote, nyonga, tofali, taulo, mdogo mtu, ningelia mbele yao. Yeye alisema nyumba ya mwisho, akarudi nyuma karibu na mlango. Kura za kuhamishia pesa mlimani zilikuwa tisa kwa nne. Katibu akachukua rula akazipiga mstari, kumi na moja hadi kumi na sita, na niliiona kalamu ikipita juu yetu. Baadaye wifi alipewa pia barua ya onyo kwa kutopitisha kifaa kwenye mstari, akaikunja akaitia kwenye kiatu kilichokuwa kinambana kisigino.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alitangulia, nami nikamfuata kichochoro kizima nikiangalia visigino vyake. Ilikuwa bado mchana mweupe. Tulipofika kwa jirani, pale ambapo ngazi zingeishia, alisimama, akatazama zile hatua zilizobaki hadi kwetu, udongo mtupu na kijiti kimoja alichochomeka Mama zamani cha kuanikia. Akaendelea kupanda.

Mama alikuwa mlangoni, ameshika fremu, mguu mmoja juu ya tofali. Siku ile alikuwa amefanya mazoezi mara mbili, asubuhi na mchana, kwa sababu aliamini kura ikishapita mafundi huja wiki hiyo hiyo. "Haya, nipeni habari," akasema.

Wifi ndiye aliyemwambia, akitembea huku na huku mbele yake: mpira, rundo la kokoto, genge, kura. Alimwambia kila kitu kwa mpangilio, kama alivyowaambia madiwani. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja.

"Ungenyamaza, ngazi zingekuja?"

"Zingekuja, Mama. Lakini pungufu. Zingeishia kwa jirani. Mita kumi na tatu kabla ya mlango wako."

"Mita kumi na tatu," Mama akasema, "ningetambaa."

Hakulisema kwa ukali. Laiti angelisema kwa ukali, tungejua la kufanya. Aliteremsha mguu kutoka kwenye tofali, akajivuta hadi kwenye kiti chake, akatazama chini barabarani, ambako Mama Mdogo alikuwa ametoka kwenye baraza na taulo lake begani, anangoja kusikia.

Na wifi yangu akakaa. Alikaa pale pale mlangoni, juu ya lile tofali, mikono katikati ya magoti, uso umeelekea sakafuni. Miaka kumi na minne, na ndiyo kwanza nauona utosi wake kutoka juu. Una mvi. Hasira yangu ilinitoka yote kwa mara moja, nikabaki sijui niiweke wapi mikono yangu.

Simu ya Mama ikalia. Akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena, akapokea. "Hapana," akasema. "Si mwaka huu." Akasikiliza. "Halalamiki mtu. Watu wangeanguka huko mlimani." Akasikiliza tena, muda mrefu. "Ndiyo, ni huyo huyo wangu. Yupo hapa. Amekaa." Nadhani Mama Mdogo hakuamini, kwa sababu Mama alirudia. "Nakwambia amekaa."

Akaiweka simu kwenye mapaja. Chini kule taulo lilipunga, Mama akapunga la kwake. Kisha akachukua fimbo yake, akasimama taratibu, akaja mpaka mlangoni, akashika fremu.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Umekalia ngazi yangu."

Wifi akainuka, akasogea ukutani. Mama akapandisha mguu, akaanza upya kuhesabu kutoka moja.